Blanketi Lililofunika Ufa

Mama,

Shikamoo Mama yangu. Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikakaa nasubiri ile marahaba yako ya kuvuta, iliyokuwa inaanzia kifuani na kufika mdomoni imeshachoka. Bwana asifiwe hata hivyo. Hali yako huko? Kifua kimekuachia? Siku tuliyokuzika mchungaji alisema huko uliko hakuna anayekohoa, nami nikaitikia amina kwa sauti kuliko watu wote, maana mimi ndiye niliyekuwa nakushika mgongo.

Sisi huku tunaendelea kwa neema. Watoto wangu wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikikaa sana kwenye cherehani, na upepo wa Same ni uleule unaoujua, leo nimekuta vumbi hata ndani ya kopo la sukari. Baba naye, huko juu mlimani, ni mzima wa mwili. Anakula, anatembea, anagombana na watu. Lakini ni kwa ajili yake nimekaa kukuandikia.

Unanijua, Mama, mimi wa darasa la saba, barua yangu itaruka huku na huku. Naandika juu ya meza ya kukatia, vitambaa nimevisukumia pembeni. Bi Zuhura, yule fundi jirani yangu wa hapa sokoni aliyekuwa anakuwekea mabaki ya vitenge kwenye mfuko wa sukari, ameniuliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia mama. Hakucheka. Akasema, "Basi msalimie. Mwambie mabaki bado namwekea, sijui nampa nani." Na kweli anayaweka, Mama. Mfuko umejaa.

Nianze na lile blanketi.

Nakumbuka tangu niko mdogo unalishona, Blanketi la Nyumba, na kila mwaka linakua. Mengine yote ulikuwa unashona na kuyatoa: madogo ya watoto wachanga unapeleka zahanati, mazito ya wazee wa kule juu ambako ukungu unaingia mpaka kitandani. Lakini hili lilikuwa la kwetu, na lilikuwa na sheria yake. Kila mtu wa nyumba ile awe na kiraka chake, cha nguo aliyoivaa mpaka ikachoka. Cha Baba ni kile cha suruali ya arusi. Changu ni sketi ya shule, ile ya bluu niliyoichana kwenye miiba nikitoroka kuchimba tangawizi. Cha kaka Eliamani ni fulana yake nyekundu ya mpira, na wewe ulilia kidogo ulipoikata, kwa sababu alikuwa ameshaondoka kwenda Mwanza na haikuwa na mtu wa kuivaa tena. Tumbo la blanketi ulijaza masweta ya mitumba yaliyokwisha. Unapiga bandi kwanza ili lisitembee, halafu unalala juu yake na subana kidoleni, na unasema kila unaposukuma sindano, "Hapa hakuna wa kulala nje."

Na ile kona. Kona moja hukuitia pindo kamwe. Uliiacha wazi, mdomo kama wa mfuko, ukaniambia kuna mtu bado hajazaliwa au hajaolewa kwetu, ukifunga umemfungia mlango. Mimi nilidhani ni uvivu wako wa kumalizia pindo. Nisamehe kwa kucheka.

Halafu ule mwaka wa mwisho ukalitoa kitandani na kulitundika ukutani, chumba cha nyuma, kwa misumari. Blanketi zima, toka juu chini. Wote tulishangaa. Mama Tumaini wa kikundi chenu cha kushona alikutania mbele yangu, "Mwenzetu siku hizi viraka vyake ni vya kutazamwa. Sisi tunaolala kwenye viraka hatumfikii." Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema baridi ya ukuta ule inakuingia mgongoni, acha likinge. Tukaamini. Nani angebisha? Ukuta ni wako na kifua ni chako.

Siku zile za mwisho ulinishika mkono ukaniambia, "Nikishatoka, lile litoeni." Nikadhani unataka tukufunike nalo. Nikamwambia Eliamani alipofika. Akasema jeneza la mama halifunikwi kwa viraka watu wakatusema, na wanawake wa usharika walishaleta kitambaa cheupe chenye msalaba. Basi likabaki ukutani. Msiba wote, Mama, wanawake walilala chumba kile wamepangana kama vitunguu, migongo yao kwenye ukuta ule, blanketi juu yao, wanaimba.

Siku ya kuanua matanga tukatoa kila kitambaa cha nyumba kwenda kufuliwa na kuanikwa, ndipo nguo zako zigawanywe, kama tunavyofanya siku zote. Mimi nikaingia chumba cha nyuma na nyundo kung'oa misumari. Nilipong'oa ya juu likaniangukia zito usoni, linanuka wewe, mafuta ya mgando na moshi. Nikalikumbatia kidogo. Nilipolishusha nikauona.

Ufa umetoka kwenye mbao ya paa umeshuka mpaka sakafuni. Juu pale kidole gumba kinaingia. Na wewe, Mama, uliubandika vijitambaa. Vyembamba, kwa gundi ya unga wa muhogo, vimepita juu ya ufa kutoka upande huu kwenda upande ule, kimoja chini ya kingine. Na vimechanika. Karibu vyote vimechanika katikati, nyuzi zinaning'inia.

Mama Tumaini akaingia na beseni. Akasema, "Yesu wangu." Halafu kwa sauti ndogo, "Namkunda, mama yako alikuwa anaufunga kidonda hiki?"

Mimi nilijua si kufunga. Ulinifundisha mwenyewe na mtungi wa maji ulipopata ufa. Ulipaka gundi, ukabandika kitambaa, ukasema tusubiri. Kitambaa kikikaa, mtungi umetulia, utaweza kuweka mahindi. Kitambaa kikichanika, mtungi bado unakwenda, usiweke kitu unachokipenda ndani yake.

Nikakaa sakafuni nikaanza kuvisoma. Si ninazijua nguo zetu zote? Cha juu kabisa kilikuwa cha kitenge cha Pasaka cha umoja wa wanawake, kile cha njiwa. Kumbe tangu Pasaka ile ulikuwa unajua. Kinachofuata, gauni la kipaimara la binti yangu, ukanidanganya unataka kipande cha kutia kwenye blanketi la mtoto. Kinachofuata, kanga ya msiba wa shangazi. Kadiri unavyoshuka ndivyo misiba na sherehe zinavyokaribiana, Mama. Mwanzoni kitambaa kimoja kilikaa muda mrefu kabla hujaweka kingine. Chini kule ulikuwa unabandika upesi upesi. Cha mwisho kabisa kilikuwa cha lile gauni la maua ulilovaa ukienda hospitali. Hicho kilikuwa kizima, kimekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilirudi baada ya wiki chache, nikakuta nacho kimechanika.

Nilimfuata Baba siku ileile ya kuanua. Alikuwa nje anapukuchua mahindi ya makande. Hakuinua uso. Akasema, "Umeuona." Nikamwuliza kwa nini hamkutuambia. Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, ndipo akajibu: "Mama yako alisema wakijua watatutoa. Na akitolewa atafia kwa watu. Mimi ningefanya nini? Nimwambie afe haraka?"

Ulitaka kufia kitandani kwako na ulifia kitandani kwako, Mungu alikupa. Sikulaumu hata siku moja. Lakini wewe umetoka, Mama, na Baba amebaki ndani ya mtungi.

Nikamwambia maneno yako, kwamba ulisema ukishatoka tulitoe. Kwamba ulitaka tuuone ule ufa tuhame. Unajua alivyonijibu? "Alikuambia lile blanketi litoeni. Hakukuambia baba yenu mtoeni." Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa nikueleze na mengine, maana ukuta ni jambo dogo. Ufa ule haukuanzia kwenye ukuta, umetoka ardhini. Ukipanda mgombani kwenda pale tulipokulaza, karibu na Babu na Bibi, kuna mstari kwenye udongo. Unapita kati ya kaburi lako na nyumba. Baba anaufukia. Kila asubuhi anaufukia kwa jembe na kukanyaga, na amepanda migomba juu yake, migomba yenyewe imeinama yote upande mmoja, kuelekea paa, kama watu wanaosikiliza mlangoni. Mlango wa jikoni haufungi tena, ameuchonga chini mara kwa mara na bado unagoma. Chemchemi yetu pale chini, ile iliyokuwa na maji maangavu kiangazi chote, sasa inatoa maji mekundu na hakuna mvua. Na nyuma ya jiko, mahali palipokuwa pakavu tangu nizaliwe, panavuja. Kuku wako wamehamia kwenye mparachichi. Baba akiwafukuza waingie bandani, wanarudi juu.

Mtendaji wa kijiji alikuja, akaleta na bwana mmoja kutoka wilayani anayejua mambo ya miamba. Kijana mwenye adabu, alimwamkia Baba vizuri, akapanda, akashuka, suruali imejaa udongo. Akakaa kwenye kigoda akasema, "Mzee, sitakuficha. Mlima huu unashuka. Masika ikikamata vizuri, sehemu hii yote inaweza kwenda, na hautapiga hodi." Akamwomba ahame kabla mvua hazijaanza. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha makande. Halafu akauliza, "Na mlima huu una kibali cha nani cha kupita kwenye shamba langu?"

Mtendaji akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema, "Mwacheni, huyu Mpare halisi, hahami, anafungua kesi. Mzee, hakimu atakwenda kumpa wito mlima?" Na Baba naye akacheka. Wote wakacheka, hata mimi. Halafu yule kijana wa wilayani akaniita pembeni kwenye miti ya kahawa, akaniambia bila kucheka, "Mama, mtoe baba yako."

Majirani wa upande wa juu wameshaondoka. Waliezua bati zao, wakabeba milango. Ukipita unaona kuta tu na mboga zimeota sebuleni. Baba anapita pale kila siku na kusema ni watu waoga.

Nikuambie na la kikundi chenu. Bado tunakutana kila Alhamisi, Mama Tumaini ndiye mwenyekiti sasa, anasimamia kwa ukali kuliko wewe, ukipiga mshono mrefu anaukata mbele ya watu. Nami nikiweza napanda kuja kushona nao. Tulikuwa tunashona yale madogo ya zahanati. Alhamisi moja mchungaji akaingia, akasimama, akashika kiblanketi kimoja, akakikunja vizuri, akakirudisha. Akasema, "Mama zangu, Mungu awabariki. Safari hii shoneni marefu. Ya watu wazima. Na mengi kadiri mtakavyoweza."

Mama Tumaini akauliza ni ya nani. Mchungaji akasema, "Tuwe nayo tu."

Hakuna aliyeuliza tena. Tulishona, Mama, bila wimbo, wewe unajua wanawake wale hawajawahi kushona bila wimbo. Nilikuwa naunganisha viraka nikajikuta nawaza, hiki atajifunika nani? Yuko wapi sasa hivi, anafanya nini, anajua? Siku zote makubwa Mama Tumaini huyapima kwa kulala chini mwenyewe, tunamfunika toka kichwa mpaka miguu tuone kama yanatosha. Siku hiyo wa kumfunika hakupatikana. Kila mmoja alitazama sindano yake. Mwishowe tukapima kwa kamba. Sasa yamepangwa ofisini kwa mchungaji mpaka dirishani. Nimekwambia hivi kwa sababu wewe ungejua la kusema pale.

Nilifikiri sana namna ya kumtoa Baba. Nguvu hazifai, Eliamani alijaribu kwa simu, wakaishia kutukanana. Maombi tumeomba. Nikamwuliza waziwazi, "Baba, ni nini kinachokushika? Nyumba nitakupa, chumba kipo, chakula kipo." Akasema, "Mama yako yuko pale juu. Tumekaa pamoja tangu sina ndevu. Nimwache peke yake, mvua inakuja?"

Hapo ndipo nilipopata wazo, sijui kama lilitoka kwa Mungu au kwa uchovu. Nikasema kama hawezi kumwacha Mama, basi Mama ahame. Nikalichukua Blanketi la Nyumba, nimeshalifua, limekauka vizuri, nikalikunja mbele yake taratibu kama ulivyokuwa unakunja, kona iliyo wazi kwa juu. Nikamwambia, "Baba, Mama anashuka Same na mimi. Kiraka chake kimo humu, cha gauni la arusi, kimeshikana na cha suruali yako. Ukimtaka utamkuta kwangu."

Nikalifunga nyuma ya bodaboda, nikashuka nalo nikilishika kwa mkono wa nyuma njia nzima, kona zote zile, kama mtu anayemshika mgonjwa. Dereva akaniuliza, "Mama, umebeba nini hivyo, mayai?" Nikamwambia nimebeba nyumba. Akapunguza mwendo.

Nililitundika kwangu, ukuta wa sebuleni. Mama, nikwambie ukweli, nilifurahi. Watoto walikaa chini yake wanatafuta viraka vyao. Na Baba akaja! Akashuka na gari la asubuhi, na kimfuko chake na fimbo, akaingia bila hodi, akasimama mbele ya blanketi akavua kofia. Nikamwandalia chumba. Nikampikia makande na tui, akasema hayajaiva lakini akala. Bi Zuhura akaja kumwamkia, wakataniana. Akamwambia, "Babu, karibu mjini, tutakutafutia mchumba mwenye cherehani." Baba akasema, "Niliyenaye bado hajaniacha." Bi Zuhura akacheka, mimi nikaenda jikoni.

Siku zile, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, nilipiga magoti usiku nikamshukuru Mungu bila kumwomba kitu.

Asubuhi moja nikatoka kwenda sokoni. Niliporudi ukuta ulikuwa mtupu. Misumari tu. Fimbo haipo, kimfuko hakipo. Mtoto wa jirani akasema amemwona babu stendi, amebeba tandiko kubwa kichwani. Nikapiga simu, haikupokelewa. Jioni akapiga mwenyewe. Akasema, "Namkunda, usikasirike. Same joto. Mama yako hawezi kulala na joto hili, anakosa pumzi. Nimemrudisha."

Nimemrudisha! Mama, nilicheka na kulia kwa pamoja, watoto wakanishangaa.

Amelitundika palepale. Misumari ileile, ukuta uleule. Nilipanda juzi nikaliona. Nikaliinua kidogo upande mmoja, na sasa si kidole gumba kinachoingia, ni mkono wangu mzima, na hewa baridi inatoka ndani yake, inanuka udongo mbichi. Nilibandika kijitambaa cha kanga yangu nyeusi ya msiba. Nikanywa chai na Baba, nikaosha vikombe, nikarudi kuangalia. Kilikuwa kimechanika, gundi haijakauka.

Nikamwambia, "Baba, njoo uone." Akasema ameshaona. Akasema kwa upole kabisa, Mama, upole ule ndio ulioniogopesha, siyo ubishi wake: "Mwanangu, mimi siogopi. Sisi wawili tulikubaliana tutakaa." Nikamwuliza, mlikubaliana mpaka lini? Mpaka Mama afe, au mpaka na wewe? Akaenda kufukia ule ufa.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mlikubaliana nini? Maana kama ulimwomba akae mpaka wewe uondoke salama, amemaliza, mwanamume ametimiza, mwachie. Na kama yeye amejiongezea ahadi ambayo hukuomba, mwambie. Mimi mtoto sina neno linaloingia kati yenu. Najua mimi ni Mkristo na wafu hawatumwi, nimefundishwa hivyo na naamini hivyo, namwomba Mungu peke yake. Lakini Mungu anajua nilivyo na hofu, hatanikasirikia kwa kumwandikia mama yangu.

Leo tangu saa nne kilele cha Shengena hakionekani. Wingu limekaa juu ya milima kama mtu aliyekaa juu ya kifuniko. Huku chini bado jua linawaka, mbuzi wanalala chini ya magari, lakini upepo umegeuka, unatoka mlimani na una unyevu. Bi Zuhura ameingiza vitambaa vyake ndani. Nimemwambia labda ni mvua za kupita. Akasema, "Namkunda, baba yako si mzee, ni mwamba. Nenda ukamlete. Siku hizi hata miamba inashuka."

Nimefunga cherehani. Gari la mwisho la kupanda linaondoka muda si mrefu, nami nitakuwemo. Watoto nimewaacha kwa Bi Zuhura. Nimempigia Mama Tumaini, atanisubiri barabarani na wanawake wawili watatu wa kikundi. Tumekubaliana hatutabishana na Baba tena. Tutaingia, tutalitoa blanketi ukutani mbele yake na kuuacha ufa wazi ili autazame, asiwe na kitu cha kuufunika. Halafu tutakaa sebuleni tushone na tuimbe. Akitaka kubaki, abaki na wanawake wote wale ndani ya nyumba, aone kama ataweza kutuzika. Mtu aliyekataa kumwacha mke wake mvuani sidhani kama atatuacha sisi. Ni hilo tu nililo nalo. Nikikosea, nisamehe.

Barua hii nitaiingiza kwenye ile kona iliyo wazi, ndani kabisa, kati ya masweta, upande wa kiraka chako. Sindano nimeshaitunga uzi, nimeichomeka kifuani kwenye gauni, na subana yako nimeivaa, bado ni kubwa kwangu. Nakuahidi, Mama: kona ile sitaifunga mpaka Baba awe amelala chini ya blanketi lake huku bondeni, anakoroma na kulalamika joto. Siku hiyo nitaitia pindo kwa mkono wangu, mshono mfupi mfupi, hata Mama Tumaini asipate cha kukata. Kabla ya hapo itabaki wazi.

Lala salama, Mama yangu, pale mgombani, kama pataachwa. Kama hapataachwa, basi Bwana anajua mahali ulipo bila kuonyeshwa kaburi.

Nakuomba unijibu upesi. Mwambie Baba neno moja tu, akiwa ameinama anafukia, akiwa anakula, popote. Usichelewe, Mama. Hapa kwangu matone ya kwanza yameanza kugonga bati, na nisingependa mlima ndio unijibu kwa niaba yako.

Ni mimi mwanao,
Namkunda